Muuguzi Apande Ngazi Bila Kumwacha Mgonjwa

(Hotuba iliyosomwa na mwenzetu, mwalimu mstaafu wa uuguzi, katika mkutano wetu wa mwaka uliofanyika Peramiho. Tunaichapa kama alivyoisoma, kwa ombi la wanachama waliokuwapo na wale ambao hawakujaliwa kufika.)

Ndugu Mwenyekiti, walimu wetu wa zamani mliojaliwa kufika, ndugu wageni waalikwa, na ninyi ndugu zangu tuliokula maharage ya sufuria moja:

Kwanza namshukuru Mwenyezi Mungu kwa kutukutanisha tena. Wenzetu waliotutangulia tumekwisha simama kimya kuwakumbuka, kwa hiyo sitarudia. Nawashukuru pia wenyeji wetu kwa mapokezi, na hasa kwa chakula cha mchana, ingawa nadhani Katibu alikosea kuipanga hotuba yangu mara baada ya chakula hicho. Atakayesinzia nimekwisha msamehe.

Katibu aliponiandikia kunitaka nizungumze juu ya elimu ya juu ya wauguzi, nilidhani ananifanyia mzaha. Wengi wenu mnakumbuka kwamba tulipomaliza Kidato cha Nne mwaka 1979, na majina ya waliochaguliwa kwenda vyuoni yakatoka, mimi nilipangiwa uuguzi. Tangu siku ile jina langu likawa "Sista". Wengine mlikwenda ufundi, wengine jeshi, wengine ualimu, na kila tulipokutana stendi ya Songea mlinisalimu, "Tumsifu Yesu Kristo, Sista!" Nami niliitikia, kwani salamu ni salamu.

Sasa sote tumeota mvi, na wale wale walionipa jina hilo hunipigia simu saa tano za usiku. "Ndugu yangu, presha imepanda, nimeze ngapi?" "Mjukuu ana homa na anatapika, tusubiri asubuhi au twende sasa?" Silalamiki. Nataja jambo hili kwa kuwa ndilo lililonipa neno la kusema leo. Mtu akiugua humtafuta aliye karibu naye na anayemwamini. Katika vijiji vya wilaya hii na vya jirani zake, aghalabu aliye karibu ni muuguzi. Swali langu ni hili: je, huyo aliye karibu tumemfundisha kazi ambayo tunamtaka aifanye?

Usiku wa namna mbili

Niruhusuni nieleze habari mbili za maisha yangu. Sitataja mahali wala jina la mtu.

Mwaka 1986 nilikuwa muuguzi katika zahanati moja ng'ambo ya mto. Ilikuwa masika, barabara imekatika, na mganga msaidizi aliyekuwa mkuu wangu amekwenda mjini kufuata mishahara. Usiku akaletwa mtoto wa miaka kama mitatu, mwili unawaka moto, ameshikwa na degedege. Kazi yangu kwa mujibu wa kanuni ilikuwa kuchoma sindano aliyoiandika mganga, na mganga hakuwapo. Mizani ilikuwa mbovu. Nilimbeba yule mtoto mikononi nikamkadiria uzito, kama mtu anavyokadiria debe la mahindi, nikafungua daftari la wagonjwa nikatafuta mtoto wa kadiri yake aliyetibiwa mwezi uliopita, nikachukua kipimo kile kile cha kwinini. Mtoto alipona. Baada ya mwezi mmoja nikaletewa barua ya onyo: nimefanya kazi isiyo yangu.

Mwaka uliofuata, katika kituo hicho hicho, aliletwa jioni mama kijana mwenye maumivu ya tumbo na kizunguzungu. Mganga hakuwapo tena. Safari hii niliikumbuka barua. Nilimlaza, nikampa dawa ya kutuliza maumivu, nikaandika daftarini kwamba mgonjwa anamsubiri mganga. Usiku alizidi kulegea. Alfajiri wanaume wa kijiji walimweka kwenye machela wakaanza safari, lakini hawakufika naye mbali. Miaka michache baadaye nilimsimulia daktari mmoja dalili zile, akaniambia bila kusita kwamba yaelekea mimba ilitunga nje ya mji wa mimba, na mama yule alikuwa anavuja damu ndani ya tumbo. Mtu aliyefundishwa kumwuliza alipata siku zake lini, na kumpapasa tumbo, angeshuku. Angemwondoa jioni ile ile.

Kwa usiku ule wa pili sikuandikiwa barua yoyote.

Kwa miaka mingi niliamini kwamba barua ile ya kwanza ilikuwa uonevu mtupu. Nilipokuwa mwalimu wa uuguzi ndipo nilipoona kwamba ilikuwa kweli nusu. Mimi sikujua kutibu. Nilibahatisha, na Mungu akamhurumia mtoto. Kwinini ikizidi huweza kumwua mtoto kama malaria yenyewe. Aliyeandika barua alikuwa na haki ya kusema kwamba kazi ile haikuwa yangu. Kosa lilikuwa katika mpango mzima: umemweka mtu peke yake mahali ambapo kazi hiyo haina mwingine wa kuifanya, hukumfundisha, kisha ukamkataza.

Tulikotoka

Nchi yetu si ngeni katika jambo hili. Tulipopata Uhuru mwaka 1961, Tanganyika ilikuwa na madaktari wazalendo 12 tu. Taarifa ya Profesa Titmuss na wenzake ya mwaka 1964 ilishauri tujenge vituo vya afya vya kuhudumia watu wa vijijini. Baada ya Azimio la Arusha la mwaka 1967, na hasa tangu mwaka 1972, fedha na nguvu zilielekezwa huko. Mwaka 1973 kampeni ya Mtu ni Afya iliwakusanya watu kiasi cha milioni mbili katika vikundi vya kusikiliza redio na kujadiliana. Wapo humu ndani waliochimba vyoo kwa sababu ya kampeni ile. Mataifa yalipokutana Alma-Ata mwaka 1978 kuzungumza juu ya afya ya msingi, mengi waliyoyasema sisi tulikuwa tumekwisha yaanza.

Tulifanya jambo jingine la busara. Kuanzia mwaka 1963 waganga wasaidizi waliokwisha fanya kazi walirudishwa darasani kwa miaka miwili, wakatoka wakiwa madaktari wasaidizi. Hao ndio waliobeba hospitali za wilaya. Utafiti uliofanywa katika hospitali za mikoa ya Mwanza na Kigoma, ukachapishwa mwaka 2009, ulilinganisha akina mama waliopasuliwa kwa matatizo ya uzazi na madaktari wasaidizi na wale waliopasuliwa na madaktari kamili. Matokeo hayakutofautiana kwa kiasi cha kutia shaka. Maana yake ni kwamba mtu mwenye uzoefu, akifundishwa vizuri na akasimamiwa, aweza kukabidhiwa kazi nzito. Katika miaka ya karibuni mafunzo ya madaktari wasaidizi yamesitishwa. Sikuja kubishana na uamuzi huo. Nasema tu kwamba ngazi hiyo iliwapandisha watu na ikawaacha karibu na mgonjwa, na ngazi za namna hiyo si nyingi.

Tazameni sasa ngazi yetu sisi wauguzi. Ipo ya cheti, ipo ya stashahada. Mwishoni mwa miaka ya 1980 shahada ya uuguzi ilianza kufundishwa Muhimbili. Baadaye vikaongezeka vyuo vya Moshi, Mwanza, Dodoma na vinginevyo, na leo Muhimbili hutoa hata shahada ya uzamili, ikiwamo ya uuguzi wa wagonjwa mahututi na ya ukunga. Ni maendeleo makubwa, na mimi ni mmoja wa walioyafaidi. Lakini ngazi hii inampeleka wapi anayeipanda? Mwenye cheti yupo zahanati. Mwenye stashahada aghalabu yupo wodini au ni msimamizi. Mwenye shahada huenda ofisini au chuoni kufundisha. Mwenye uzamili yupo mjini. Kadiri muuguzi anavyosoma ndivyo anavyokwenda mbali na mgonjwa.

Mimi mwenyewe ni ushahidi. Niliiacha zahanati ile nikaenda kusoma, kwa nia ya kurudi nikiwa na ujuzi wa kutosha ili usiku ule wa pili usijirudie. Sikurudi. Nilipohitimu hapakuwa na cheo wala mshahara wa muuguzi msomi katika zahanati, nikapewa darasa na chaki. Nimefundisha vijana wengi na sijutii kazi hiyo. Lakini kile kijiji ng'ambo ya mto kilimpoteza muuguzi mmoja kwa sababu alisoma, na hilo si jambo la kujivunia.

Wenzetu wamefanyaje

Huko Marekani, mwaka 1965, muuguzi mmoja aitwaye Loretta Ford na daktari wa watoto Henry Silver walianzisha Colorado mafunzo ya kumwezesha muuguzi kumpima mtoto, kutambua maradhi ya kawaida na kuyatibu. Mama huyo alifariki mwaka 2025 akiwa na umri wa miaka 104, na alipofariki wauguzi wa namna hiyo nchini mwake walikuwa wamepita laki tatu. Walio wengi ni wale wa familia, yaani wanaomhudumia mtoto, mama, baba na babu bila kuchagua. Siku hizi husomea shahada ya uzamili. Darasani huwekewa masomo matatu kama mafiga: jinsi ugonjwa unavyouvuruga mwili, jinsi dawa inavyofanya kazi, na jinsi ya kumpima mgonjwa kuanzia utosini hadi unyayoni. Juu ya hayo kuna saa za kumwona mgonjwa ana kwa ana chini ya msimamizi. Zamani kiwango cha chini kilikuwa saa 500, na kanuni za mwaka 2022 zimekifikisha 750.

Mtasema Marekani ni tajiri. Basi tutazame Botswana. Nchi ile ilipata uhuru wake mwaka 1966 ikiwa na vijiji vilivyo mbalimbali, jangwa kubwa na madaktari wachache. Wauguzi ndio waliokuwa wakiendesha zahanati. Mwaka 1981 wakaanzisha mafunzo ya muuguzi wa familia: muuguzi aliyekwisha hitimu na kufanya kazi alirudi chuoni kujifunza kupima na kutibu, kisha akarudishwa zahanati akiwa na cheo kinachotambuliwa. Baadaye Chuo Kikuu cha Botswana kikaiweka fani hiyo katika shahada ya uzamili.

Kwetu dalili zipo. Katika wilaya za Morogoro na Rufiji, kati ya mwaka 1997 na 2002, watumishi wa zahanati na vituo vya afya, wengi wao wa ngazi za chini, walifundishwa kumchunguza mtoto mgonjwa kwa utaratibu mmoja: kikohozi, homa, kuhara, lishe, chanjo, bila kuruka hatua. Ilipopimwa miaka miwili, vifo vya watoto wa chini ya miaka mitano vilikuwa pungufu kwa kiasi cha asilimia 13 kuliko katika wilaya za Kilombero na Ulanga zilizolinganishwa nazo. Na mwaka 2016 Wizara ilitoa mwongozo wa kugawana kazi katika huduma za afya, ambao umemruhusu muuguzi aliyefundishwa kufanya baadhi ya kazi zilizokuwa za waganga, kama kumwanzishia mgonjwa dawa za kufubaza virusi vya UKIMWI.

Huo ni mwanzo mwema. Lakini umetolewa kwa vipande: kipande cha virusi, kipande cha watoto, kipande cha uzazi wa mpango, kila kimoja na semina yake ya siku chache. Mgonjwa haji kwa vipande. Bibi mmoja huja amemshika mjukuu mwenye kikohozi, binti yake mjamzito yuko nyuma, naye mwenyewe ana kisukari ambacho hajakijua. Hiyo ni familia moja, na inataka mtu mmoja aliyefundishwa kuiona yote.

Ninachopendekeza

Ndugu Mwenyekiti, nasema kwa kifupi.

Kwanza, achukuliwe muuguzi aliyekwisha kaa zahanati au kituo cha afya miaka isiyopungua mitatu. Asichukuliwe kijana mwenye alama nzuri tu ambaye hajawahi kulala na taa ya kandili akimsubiri mzazi.

Pili, asomeshwe kwa kiwango cha shahada na zaidi, kwa mafiga yale matatu niliyoyataja. Najua wapo watakaosema semina zatosha. Kumpa mtu ruhusa ya kuandika dawa bila kumfundisha kwa kina jinsi zinavyofanya kazi ni kurudia kosa langu la mwaka 1986, safari hii kwa muhuri wa serikali.

Tatu, sehemu kubwa ya mafunzo ifanyiwe huku huku. Kutoka hapa hadi Dar es Salaam ni karibu kilometa elfu moja. Ukimtoa mama wa watoto watatu Muhukuru ukampeleka pwani miaka mitatu, ama hataenda, ama hatarudi. Chuo kikuu kiweke mitaala na mitihani, lakini mazoezi yafanyike katika hospitali kama hii yetu ya Mtakatifu Yosefu, yenye wodi, maabara, chumba cha upasuaji na chuo cha uuguzi ubavuni, na katika zahanati zinazoizunguka. Peramiho inaujua utaratibu huu tangu zamani. Misheni hii ilianza mwaka 1898, ikateketezwa katika vita vya Maji Maji mwaka 1905, ikajengwa upya kwa mikono ya watu waliofundishwa papo hapo. Fundi seremala wa karakana ya hapa hakujifunza kupiga randa kwa kusikiliza semina. Alisimama ubavuni mwa fundi mkuu, akaharibu mbao kadhaa, akasahihishwa. Tofauti ni kwamba sisi hatuna ruhusa ya kuharibu hata ubao mmoja, ndiyo maana msimamizi ni lazima.

Nne, akihitimu awekewe cheo na mshahara pale pale zahanati, na sheria iseme wazi lipi ni lake na lipi apeleke mbele. Kumjua mgonjwa usiyemweza ni nusu ya utabibu.

Wapo madaktari watakaosema tunatengeneza madaktari wa bei nafuu. Nawajibu kwa heshima: mwenye tumbo lililojaa damu atahitaji daktari wa upasuaji siku zote, na muuguzi huyu ndiye atakayemwona mapema akampeleka angali hai. Wapo pia wauguzi wenzangu wanaosema mtu huyo ataacha kuuguza akawa mganga. Sioni hivyo. Muuguzi anayemfahamu mgonjwa kwa nyumba yake, kisima chake na chakula chake, akijua pia kusikiliza mapafu, hajaacha uuguzi, ameukamilisha.

Nimesikia pia hoja kwamba wakisoma watakimbilia mjini. Hoja hii ina uzito, kwani nimewaungamia kwamba mimi nilikimbia. Lakini nilikimbia kwa sababu hapakuwa na mahali pa kusimama. Mpango wa mwaka 2007 wa kuendeleza afya ya msingi ulilenga kila kijiji kiwe na zahanati na kila kata kituo cha afya, na majengo mengi yamejengwa tangu hapo. Nyumba imejengwa, tumwekee mwenye nyumba kiti.

Ombi

Namalizia kwa ombi kwenu, kwa maana hotuba isiyo na ombi husahauliwa kabla ya chai. Chama chetu kimekarabati bweni, kimenunua madawati, na ni vizuri. Mwaka huu naomba tufanye jambo dogo la namna nyingine. Tumsaidie muuguzi mmoja, mmoja tu, wa zahanati ya kijijini katika mkoa wetu, asome shahada. Tugharimie karo na nauli, na mkataba uwe kwamba atarudi kwa watu wale wale. Shahada hiyo haitakuwa bado ile niliyoieleza, kwa kuwa hiyo haijawekwa. Lakini siku itakapowekwa atakuwapo mtu aliyejiandaa, na kwa wakati huo sisi wenye sauti huko maofisini tuisemee. Humu ndani mna wakurugenzi wastaafu, mna mwanasheria, mna watu ambao barua zao husomwa. Andikeni.

Mimi nitatoa mchango wangu wa kwanza leo, kabla ya kuondoka. Nimekwisha mkabidhi Mweka Hazina bahasha, asijifanye amesahau.

Mtoto yule wa degedege yuko hai hadi leo. Ana watoto wake, analima mahindi na kahawa, na akiniona huniita babu. Yule mama kijana angekuwa sasa na umri wa miaka sitini na kitu. Angekuwa bibi wa watu. Nimewahudumia wote wawili kwa mikono hii hii na kwa moyo ule ule. Uliopungua ni ujuzi, na ujuzi hufundishwa.

Ndugu zangu, endeleeni kunipigia simu usiku. Lakini yule wa kijijini asiye na rafiki aliyesomea uuguzi naye ana haki ya kupata wa kumjibu.



Ni mimi, "Sista" wenu.